Sifa ya Mtafuta Hitilafu: Kidaka Vipande cha Kerezo Iliyokwisha Kutumika

Ustadi wa kutafuta hitilafu husifiwa kwa nadra katika karakana, kwa sababu matunda yake hayaonekani kwa macho: mkerezaji huacha mezani shafti inayong'aa, na mchomeleaji huacha geti lililosimama, lakini fundi aliyegundua kwa nini mashine imegoma huiacha mashine ileile ikifanya kazi ileile iliyoifanya jana. Hata hivyo, katika nchi ambamo mitambo mingi hufika ikiwa imekwisha kutumika kwingine, ustadi huo ndio unaoamua kama kilichonunuliwa ni mtambo au ni chuma chakavu, na thamani yake hudhihirika zaidi unapofuatwa hatua kwa hatua katika kifaa kidogo kama kidaka vipande.

Kerezo ni mashine inayozungusha kipande cha chuma kilichobanwa kwenye chaki, yaani kibanio chake, huku kisu kikikichonga hadi kipate umbo linalotakiwa. Kerezo ya CNC ni ile ambayo mwendo wa kisu chake huongozwa na kompyuta inayofuata programu, badala ya mkono wa fundi. Kazi inapokamilika, kisu chembamba hukikata kipande kutoka kwenye fimbo ya chuma, nacho huanguka. Kidaka vipande ni mkono wenye kikapu unaosukumwa na silinda ya hewa iliyoshindiliwa, ambao hujitokeza chini ya kipande kabla hakijakatika, hukipokea, kisha hurudi na kukimimina nje salama, kisigongwe wala kupotea katika chenga za chuma. Mkono usiporudi mahali pake unaweza kugongana na visu, na kwa hiyo kompyuta hukataa kuendelea mpaka ipate ishara kwamba mkono umerudi.

Wilayani Kilolo, iliyoanzishwa mwaka 2002 kwa kumegwa kutoka Wilaya ya Iringa, haja ya vipande vya namna hiyo inaeleweka kwa wepesi. Misumeno midogo ya duara iitwayo ding-dong, inayopasua mbao za misindano na mikaratusi katika Nyanda za Juu Kusini, inategemea shafti, bushi na puli ambazo huchakaa na kuhitaji kubadilishwa. Ukerezaji wenyewe si mgeni katika ukanda huu, kwani upande wa pili wa milima ya Udzungwa, huko Mang'ula, kilijengwa kwa msaada wa China kiwanda cha mashine na zana kilichofungamana na ujenzi wa reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975. Karakana inayotaka kutengeneza bushi mia moja zinazofanana ina kila sababu ya kutamani kerezo ya CNC, na kwa kuwa iliyo mpya ni ghali, iliyotumika ndiyo inayofikika.

Mashine ya namna hiyo, ikishushwa bandarini Dar es Salaam na kupandishwa mlima wa Kitonga kwa lori, hufika mahali ambapo hata hewa ni tofauti. Karibu na mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kanieneo ya hewa ni takriban asilimia 80 ya ile ya pwani, kwa hiyo kompresa iliyotosha Dar es Salaam huvuta hewa pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano, na tangi huchelewa kujaa. Tena, katika vilima vyenye ukungu na baridi, unyevu uliomo katika hewa iliyoshindiliwa hugeuka maji ndani ya mabomba, nayo maji hayo huleta kutu katika vali. Fundi anayelijua hili hatashangaa kuona kidaka vipande kikienda kwa uzito asubuhi ya mwezi wa Julai, na hatakimbilia kukilaumu kifaa kwa kosa la hewa.

Hapo ndipo ustadi wenyewe unapoanza. Amri ya kudaka husafiri kwa mnyororo: programu huitoa, kompyuta huwasha swichi ya umeme iitwayo rilei, rilei hupeleka umeme, aghalabu wa volti 24, kwenye vali ya sumaku, yaani vali inayofunguka koili yake inapopata umeme, vali huruhusu hewa, hewa husukuma silinda, silinda husogeza mkono, na mwishowe sensa hurudisha habari kwa kompyuta. Fundi asiye na nidhamu hubadilisha kifaa kimoja baada ya kingine mpaka fedha au bahati imwishie, ilhali fundi mstadi huukata mnyororo katikati na kuuliza ni nusu ipi iliyo nzima.

Swali hilo lina jibu, kwa kuwa vali nyingi za aina hii zina kitufe kidogo kinachoifungua kwa kidole bila umeme. Ikiwa mashine imesimamishwa, hakuna mkono wa mtu ulio karibu na kidaka, na kipimo cha hewa kinasoma kiasi kinachotakiwa, ambacho kwa kawaida ni bar 5 au 6, kubonyeza kitufe hicho hugawa tatizo mara mbili. Mkono ukisogea, hewa, silinda na viungo vimejisafisha, na uchunguzi unahamia kwenye umeme. Usiposogea, umeme hauna haja ya kuguswa kwanza, bali hewa hutolewa yote katika mfumo, kisha mkono husukumwa taratibu ili kubaini kama umezuiwa na chenga, na maji ya kupozea yaliyokauka yakawa gundi, au na sili za silinda zilizochakaa.

Pengine mkono husogea vizuri, lakini mashine bado inangoja. Hapo mashaka huelekea kwenye sensa, ambayo hutambua chuma kikiwa umbali wa milimita chache tu, hivi kwamba mtikisiko wa safari ndefu ukiilegeza kidogo, huwa haioni tena chuma kilicho mbele yake. Fundi huilinganisha taa ya sensa na kile ambacho kompyuta inaonyesha kwenye kioo: taa ikiwaka na kompyuta isipate habari, huenda waya kati yao umekatika au umelegea; taa isipowaka, nafasi yake hupimwa upya kabla ya kununua nyingine.

Sehemu ngumu kuliko zote ni ile inayotokana na mikono ya watu wa awali. Mmiliki wa zamani aliyeondoa kidaka chake huenda alikizima pia katika parameta, yaani tarakimu za ndani zinazoiambia kompyuta mashine ina vifaa gani, au aliunganisha nyaya mbili ili kompyuta iamini daima kwamba mkono umerudi. Mashine ya namna hiyo haina ubovu wowote, ila inatii uamuzi wa mtu asiyekuwapo, na ule waya wa hila umeondoa kinga iliyozuia mgongano. Kuusoma uamuzi huo, kuuelewa, na kuutengua bila kuharibu kilicho kizima, kunahitaji subira na heshima kwa kazi ya mwingine, sifa ambazo wasomi huzidai kwa mtu anayesoma hati ya kale.

Kwa hiyo, mtafuta hitilafu anastahili kuhesabiwa miongoni mwa wenye maarifa, kwa sababu anakataa kutoa hukumu kabla ya kipimo, na hukubali kipimo kinapompinga. Vyuo vya ufundi stadi vya VETA vinavyofundisha kukereza, na SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, vina sababu ya kuufundisha utaratibu huu kama somo kamili, si kama jambo ambalo mwanafunzi atajiokotea mbele ya safari. Karakana nazo zina wajibu wao: kila hitilafu iliyogunduliwa iandikwe kwa Kiswahili katika daftari la mashine, pamoja na dalili, kipimo na tiba, na kila waya uliohamishwa na parameta iliyobadilishwa vitajwe humo. Fundi anayefanya hivyo humwondolea atakayemfuata fumbo ambalo yeye mwenyewe aliachiwa, na karakana yenye daftari la namna hiyo haitakuwa tena mateka wa kumbukumbu ya mtu mmoja.