Kiitikio Kilichobaki Bila Waitikiaji: Kuinuka na Kutengana kwa Kundi la Sauti Sol

Kundi la Sauti Sol lilianza Nairobi mwaka 2005 likiwa la vijana walioimba bila ala: Bien-Aimé Baraza, Willis Chimano na Savara Mudigi, waliofahamiana katika shule ya Upper Hill. Baadaye alijiunga nao mpiga gitaa Polycarp Otieno. Albamu yao ya kwanza, Mwanzo (2008), haina budi kusikilizwa kwa kuzingatia mfuatano huo. Gitaa halishindani na sauti. Linashikilia mdundo huku waimbaji wakipokezana beti na kukutana katika kiitikio. Msikilizaji wa Kisarawe au Kibaha aliyekulia kwenye ngoma za Pwani hatapata taabu kuutambua uhusiano huo wa kiongozi na waitikiaji, ingawa Kiswahili chenyewe ni cha Nairobi, kilichochanganywa na Kiingereza.

Wapo wanaodai kwamba kundi lilijisaliti mwaka 2014, wimbo "Sura Yako" ulipolifikisha kwenye kumbi za dansi za Afrika nzima na likatwaa tuzo ya MTV ya Ulaya kwa wasanii wa Afrika. Dai hilo lina ukweli nusu. Ni kweli kwamba mdundo wa kuchezeka ulisogeza gitaa nyuma. Hata hivyo, katika albamu ya Live and Die in Afrika (2015) umo "Kuliko Jana", ulioimbwa pamoja na kwaya ya RedFourth Chorus, na hapo kundi linarudi kulekule lilikoanzia. Kwaya haikuachwa, ilipunguziwa nafasi.

Kilichobadilika zaidi ni mgawanyo wa kazi. Mwaka 2019 wanakundi waliwakutanisha vijana, wakiwemo Bensoul na Nviiri, chini ya lebo ya Sol Generation. Midnight Train ilifuata mwaka 2020 kupitia Universal Music Africa, kisha kila mmoja akaanza kutoa kazi zake binafsi. Mei 2023 walitangaza mapumziko yasiyo na kikomo, na Novemba wakaaga katika tamasha la Sol Fest, Uhuru Gardens.

Kwa hiyo, kutafuta ugomvi kama chanzo cha kutengana ni kuuliza swali lisilofaa. (Magazeti ya burudani huliuliza kwanza.) Swali la kihakiki linahusu nyimbo zenyewe. Baraza anaweza kuimba peke yake ubeti wowote wa Mwanzo. Kiitikio akikiimba peke yake, sharti ajirekodi mara kadhaa, na sauti inayosikika ni ya mtu mmoja anayejiitikia.