Basi Lililoundwa Lifunguliwe

Uzuri wa basi la Routemaster uko mahali ambapo abiria hafiki. Wageni wanaolipiga picha London hupenda wekundu wake, ghorofa yake na kile kibaraza cha nyuma kisicho na mlango, na wana haki, maana basi lenyewe ni zuri. Lakini mafundi wanaoyatunza yaliyobaki, wengi wakiwa watu wa kujitolea wanaofanya kazi hiyo siku zao za mapumziko, watakuinamisha kwanza uvunguni. Watakuonyesha boliti. Pale bodi inapofungwa kwenye fremu ya mbele na fremu ya nyuma ndipo ilipo akili yote ya kazi hii, na ndiko kulikotoka umri wake: basi lililokusudiwa kudumu miaka 17 lilibeba abiria wa kila siku kwa karibu miaka 50.

Kazi ya kulisanifu ilianza 1947. London Transport, shirika la usafiri la jiji hilo, lilikuwa limetoka vitani na ujuzi ambao halikuwa nao kabla. Wakati wa Vita Kuu ya Pili mafundi wake waliungana na wa viwanda vingine kuunda ndege 710 za kivita aina ya Halifax. Watu waliozoea mbao na chuma wakajifunza kukunja alumini na kupiga ribiti. Wakajifunza na jambo kubwa zaidi, kwamba kila kipande kifanane na mwenzake kabisa, ili kinachotolewa ndege hii kiingie ndege ile bila kupitishiwa tupa. Amani ilipokuja, timu ya mhandisi A. A. M. Durrant, wakiwemo wahandisi kama Colin Curtis, ikauhamishia ujuzi huo kwenye basi. Umbo lilipitia mikono ya msanifu Douglas Scott. Basi la kwanza, RM1, lilionyeshwa 1954 na kuanza kubeba abiria Februari 1956. Hadi utengenezaji unakoma mwaka 1968, yalikuwa yametoka mabasi 2,876.

Mabasi mengi ya wakati ule yalikuwa na chasisi nzito, na bodi iliketishwa juu yake. Routemaster halina chasisi. Bodi yenyewe ya alumini ndiyo inayobeba mzigo. Mbele kuna fremu ndogo iliyoshika injini, usukani na springi. Nyuma kuna nyingine iliyoshika ekseli. Giaboksi imening'inizwa katikati, chini ya sakafu. Kwa mpango huo abiria 64 walipata siti katika basi la tani 7 na nusu hivi, ilhali basi la RT lililotangulia halikuwa jepesi zaidi na lilikuwa na siti 56 tu. Dereva naye hakusahauliwa. Alipewa usukani unaosaidiwa na mashine, giaboksi inayojibadilisha yenyewe, breki za haidroli, na springi ya peke yake kwa kila gurudumu la mbele. Magari mengi ya watu wenye fedha zao hayakuwa na vitu hivyo mwaka 1956.

Ili kuelewa kwa nini boliti zile ni muhimu, lazima uijue karakana ya Aldenham, kaskazini ya London. Majengo yake yalijengwa yawe ya treni, vita vikayageuza ya ndege, kisha yakawa ya mabasi. Kila baada ya miaka michache basi lilipelekwa huko kwa matengenezo makubwa. Bodi ilifunguliwa ikaenda zake, fremu zikaenda zake, injini ikaenda kwingine. Kila kipande kilioshwa, kikapimwa, kikanyooshwa kwa kiolezo, kikarudishwa katika vipimo vyake vya awali. Mwishoni vilikutanishwa tena, ila si lazima vile vilivyoingia pamoja. Bodi iliyokuwa tayari ilifungwa kwenye fremu zilizokuwa tayari, ikapewa namba ya basi lililokuwa linasubiriwa, ikarudi barabarani. Kwa hiyo mwenye Routemaster leo anaweza kuwa na namba ya basi moja, bodi ya la pili na injini ya la tatu, na bado basi lake ni halisi. Hakuna kilichoghushiwa. Ndivyo lilivyokusudiwa kuishi.

Aldenham ilifungwa 1986, na kazi iliyokuwa ya watu wengi imebaki kwa vikundi vidogo katika mabanda yenye baridi. Heshima yangu kubwa ni kwa hao. Alumini haishiki kutu nyekundu kama chuma, lakini ina ugonjwa wake: inapogusana na chuma na maji yakaingia kati, huliwa taratibu ikawa unga mweupe. Unga huo hujificha nyuma ya mabati yaliyopakwa rangi vizuri. Fundi asiye na subira atapiga puti, atapitisha msasa, atapaka rangi, na basi litang'aa kwa misimu miwili. Mwenye subira hutoboa ribiti moja moja, akabandua bati zima, akakata sehemu iliyooza, akaunda kipande kipya kwa kufuata cha zamani, akaweka kizuizi kati ya metali hizo mbili, ndipo anapoanza kupiga ribiti upya. Ribiti ya kugonga huhitaji watu wawili, mmoja nje na nyundo ya upepo, mwingine ndani ameshika kipande kizito cha chuma upande wa pili. Hawaonani. Husikilizana kwa mlio. Kazi ya ubavu mmoja inaweza kumeza miezi, na ikiisha hakuna mpita njia atakayejua kwamba ilifanyika.

Ndani ya basi uangalifu ni ule ule. Scott alichagua wekundu mzito wa zabibu kwa kuta za chini, kijani kwa fremu za madirisha na manjano hafifu kwa dari, rangi zinazostahimili uchafu wa jiji bila kuonekana za huzuni. Madirisha hufunguliwa kwa kuzungusha mkono. Anayefufua basi leo hutafuta manjano ile ile, kitambaa cha siti cha mchoro ule ule, na roli ya kitambaa yenye majina ya vituo iliyokuwa ikizungushwa juu ya kioo cha mbele. Wapo wanaoweza kuishi na manjano inayokaribiana. Mafundi hawa hawawezi, nami nadhani wako sahihi, kwa sababu mtu anayekubali rangi inayokaribiana atakuja kukubali na breki zinazokaribiana.

Ninachokipenda kuliko vyote katika basi hili ni nafasi tupu. Chini ya ngazi, kando ya kibaraza, waliacha pembe ya kusimama mtu mmoja. Ilikuwa ya kondakta, asimame pale watu wanapopanda na kushuka bila kumkanyaga wala yeye kuwazuia. Msanifu aliyeiacha nafasi hiyo alikuwa amemwaza mfanyakazi anayesimama zamu nzima, mashine ya tiketi ya Gibson ikiwa imening'inia kifuani. Dereva alikaa mbele peke yake katika kijumba chake kando ya injini, na maelewano yao yalipita katika kengele: moja, simama, mbili, twende, tatu, basi limejaa, usisimame kwa wanaosubiri.

Hapo ndipo hamu ya zamani inapochimbuka. Watu hawalilii bati. Wanamkumbuka mtu aliyemshika mkono bibi akipanda, aliyewajua watoto wa shule kwa majina, aliyemwambia mgeni ashukie wapi. Tangu 1956 London Transport liliajiri watu moja kwa moja kutoka Barbados, na kwa familia nyingi za Karibi sare ya kondakta ndiyo iliyoleta mshahara wa kwanza Uingereza. Basi hilo ni kumbukumbu yao pia.

Wanaolipenda kweli hawafichi kilicholiondoa. Kibaraza kile cha wazi na kipandio chake vilimfungia nje mtu wa kiti cha magurudumu, na mama mwenye kigari cha mtoto alipata taabu. Sheria ilitaka mabasi ambayo kila mtu anaweza kupanda, na sheria hiyo ni ya haki. Tarehe 9 Desemba 2005 RM2217 lilimaliza safari ya mwisho ya njia namba 159 katika gereji ya Brixton, barabara zikiwa zimejaa watu waliokuja kuliaga. Baadhi ya mabasi hayo yaliendelea miaka kadhaa kwenye njia fupi za kumbukumbu katikati ya jiji.

Sasa yanapatikana kwenye makumbusho ya mabasi ya Brooklands, kwenye harusi, na siku moja ya kila mwaka katika uwanda wa Salisbury, ambako msururu wa Routemaster hupeleka watu Imber, kijiji ambacho jeshi liliwahamisha wakazi wake Desemba 1943 na hawakurudishwa tena. Nauli huenda kwenye kanisa la kijiji na mashirika ya hisani. Basi lililotunzwa vyema hupanda vilima vile siku nzima likiwa na abiria wa kweli, na hiyo ndiyo tofauti kati ya chombo kilichohifadhiwa na sanamu ya chombo.

London ilisaidiwa na wingi: mabasi karibu 2,900 ya aina moja huacha vipuri vingi, michoro mingi na mafundi wengi wa kufundisha wengine. Sisi wa Afrika Mashariki hatuna wingi huo. Kenya Bus Service (KBS) ilianza Nairobi 1934, shirika la mabasi la UDA likaundwa Dar es Salaam 1974, na jina la kampuni ya Leyland lilisomeka kwenye mabasi na malori mengi ya huku, lakini vyombo vyetu huondoka upesi kwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Kwa hiyo tuanze na kidogo kilichopo. Kama babu yako alikuwa kondakta wa KBS au fundi wa UDA, na kabatini kuna mashine yake ya tiketi, beji, kitabu cha zamu au picha ya gereji, usikitupe wala usikiuze kwa kilo. Muulize akueleze kilivyotumika, andika jina lake na mwaka, kisha kipeleke makumbusho kikiwa na maelezo yake.