Kamba ya Batian na kitanzi cha mkwezi

Mnazi mrefu wa kienyeji, ule unaoonekana Pangani, Mkinga na Muheza ukiwa juu ya mapaa yote, hupita mita 20 bila taabu. Mkwezi akiteleza kutoka mita 15 hufika chini kabla sekunde 2 hazijatimia, kwa kasi ya kilomita 60 hivi kwa saa. Ni sawa na kurushwa kutoka kwenye bodaboda iliyokolea mwendo.

Ukimwangalia mkwezi akiwa kazini utaona tatizo liko wapi, na wala si uzembe. Kitanzi cha kamba kinabana nyayo zishike shina, mikono inakumbatia, na penye vidato mguu hupata pa kukanyaga. Panga liko kiunoni. Vyote hivyo vinamsaidia kupanda. Hakuna hata kimoja kitakachomdaka akiponyoka. Kileleni ndipo pabaya zaidi: mkono mmoja unaacha shina ili uangue nazi, wa pili unashika kuti, na kuti likiwa limekauka huchomoka zimazima. Mvua ikiwa imelowesha shina, hata kabla ya kileleni hakuaminiki.

Mpanda milima hufungwa kamba ya kumdaka, na ndiyo iliyomponya Gert Judmaier. Mwezi Septemba 1970 daktari huyo wa Austria na mwenzake Oswald Oelz, naye daktari, walikuwa wameanza kushuka kutoka Batian, kilele kirefu kuliko vyote vya Mlima Kenya chenye mita 5,199, pale jiwe lilipong'oka naye akaanguka nalo. Mguu ulivunjika, mfupa ukatoboa ngozi. Lakini alikuwa amefungwa kamba moja na Oelz, na kamba hiyo ikamzuia asiporomoke hadi chini ya ukuta wa mwamba.

Kumshusha kulichukua zaidi ya wiki nzima, na hapo ndipo penye somo la kiufundi. Mpanda mlima mzima hushuka kwa miguu na mikono yake mwenyewe. Majeruhi ni mzigo usiojisaidia, na njia ya Batian haishuki moja kwa moja: inakata kushoto, inapinda kulia, inapita juu ya kingo. Kila penye kona kamba hufungwa upya, na kila fundo jipya linataka watu wenye nguvu mahali ambapo msukumo wa hewa ni kama nusu tu ya ule wa ufukweni Tanga. Wanachama wa klabu ya wapanda milima ya Kenya walijitolea na kupanda kwenda kumsaidia. Kumfikia mgonjwa na kumteremsha, hata hivyo, ni kazi mbili tofauti kabisa.

Helikopta nayo haikuwa dawa. Bawa linalozunguka hunyanyua chombo kwa kusukuma hewa, na hewa ya mita 5,000 ina uzito wa takriban asilimia 60 tu ya ile ya pwani. Helikopta iliyoletwa kusaidia ilianguka, na rubani wake, Jim Hastings, akafariki. Mwishowe walikuja waokoaji wa milimani kutoka Innsbruck, Austria, waliopanda bila kupata muda wa kuzoea mwinuko, wakamteremsha kwa kamba. Judmaier alipona. Oelz, aliyekuwa amemwacha kwenye ukingo wa mwamba, akashuka peke yake kuita msaada, kisha akarudi juu na dawa, alikuja kuwa bingwa wa tiba ya maradhi ya mwinuko na mwaka 1978 akafika kilele cha Everest.

Pwani hakuna ukuta wa mwamba wa kumteremsha mtu. Aliyeanguka mnazi yuko chini tayari, na hapo ndipo huumizwa mara ya pili. Mmoja anamshika makwapani, mwingine miguuni, mgongo unapinda katikati kama upinde. Kisha anapakiwa bodaboda mshikaki, kati ya dereva na jamaa anayemkumbatia kwa nyuma. Pingili iliyopasuka tu huweza kukata ugwe mgongo njiani. Tafiti za hospitali ya KCMC, Moshi, zimeonyesha kuwa kuanguka kutoka juu, miti ikiwamo, ni miongoni mwa vyanzo vikuu vya majeraha ya ugwe mgongo.

Utaratibu ulio sahihi unataka watu wanne na mlango uliong'olewa bawabani. Mmoja anashika kichwa kwa mikono miwili na ndiye anayehesabu. Watatu wanapiga magoti upande mmoja, wanamgeuza kwa pamoja, kichwa, kifua na nyonga vikienda sawa, mlango unasukumwa chini yake. Kitanda cha kamba kilicholegea hakifai. Mguu uliovunjika unafungwa kwa kanga kati ya vipande viwili vya upongoo, viwe virefu vya kupita kiungo cha juu na cha chini ya jeraha.

Akifikishwa Hospitali ya Bombo, Tanga, au Hospitali Teule ya Muheza, safari ya pili huanza. Paja lililovunjika likitibiwa kwa kuvutwa na uzito, mgonjwa hulala chali wiki kadhaa, misuli ikinywea na vidonda vya kulalia vikinyemelea. Kwa fimbo ya chuma ndani ya mfupa huweza kusimama kwa magongo mapema zaidi. Shirika la SIGN, lililoanzishwa 1999 na daktari Lewis Zirkle huko Richland, Marekani, lilibuni fimbo ambayo skrubu zake huelekezwa kwa mkono wa chuma ulio nje ya mguu, hivyo chumba cha upasuaji hakihitaji mashine ya kuona mifupa moja kwa moja. Taasisi ya mifupa ya MOI pale Muhimbili ni miongoni mwa wanaoitumia. Kwa mkwezi anayelipwa kwa idadi ya minazi, tofauti hiyo ni ya miezi ya unga na ada.

Kerala, India, walianza kushughulikia anguko lenyewe. Kifaa cha Chemperi ni fremu mbili za chuma, kila moja na waya unaozunguka shina. Mkwezi husimama wima, ananyanyua mguu mmoja baada ya mwingine, waya ukijibana kwa uzito wake. Mwaka 2011 bodi ya minazi ya India ilianzisha mafunzo ya ukwezi kwa kifaa hicho, pamoja na bima. Fundi wa kuchomelea wa Ngamiani, Tanga, akipewa kimoja cha kuiga hashindwi. Kazi iliyobaki huku kwetu ni vidato: waya lazima ujaribiwe juu ya shina lililochongwa, mkwezi akiwa mita moja tu kutoka chini.