Haki na Burudani katika Mashindano ya Kuimba ya Televisheni: Mpiga Litungu Atasimama Wapi?

Katika Mulika Na. 21, Mulokozi (1989) alionyesha kwamba kazi ya fasihi simulizi haikai kwenye maneno peke yake: kuna fanani, hadhira, fani inayotendwa, tukio, mahali na wakati. Hebu tuchukue vigezo hivyo tuvipeleke kwenye Bongo Star Search, mashindano yaliyoanzishwa miaka ya 2000 chini ya Rita Paulsen, tuone kama yanatenda haki. Swali hili wengi hulijibu kwa kelele tu: "Kaonewa!" Kaonewa wapi hasa?

Kura za simu ndizo zinazosingiziwa kwanza. Ni kweli zina kasoro, maana kura inayolipiwa humpa nguvu mwenye salio. Lakini tazameni Tusker Project Fame iliyofanyika Nairobi. Washindi wake sita, tangu 2006 hadi 2013, walitoka Kenya, Uganda, Rwanda, Uganda, Kenya na Burundi. Peter Msechu wetu alipokuwa wa pili mwaka 2010, ilikuwa rahisi kusema kwamba nchi kubwa zinabebana. Jamani, Rwanda na Burundi zimekuwa kubwa lini?

Kwa maoni yangu kasheshe lenyewe liko kwenye mchujo. Mchukueni kijana mpiga litungu wa Tarime, au wa Mugumu kule Serengeti. Akitaka kusikilizwa Mwanza ni safari ya zaidi ya kilomita 200, nauli yake mwenyewe. Akifika, ataimba kwa dakika chache bila ala. Sasa litungu la Wakurya lina nyuzi nane, na mpigaji huimba huku nyuzi zikimjibu; ukimnyang'anya, umebaki na nusu ya wimbo. Na hadhira yake je? Kazi yake ni kusifu na kukosoa watu waliopo, kwa majina. Mbele ya meza ya majaji atamsifu nani? Labda amtaje Master J kwa ukoo wake! Majaji watasema hana sauti, na kwa kipimo chao watakuwa wamesema kweli. Kipimo ndicho kibovu.

Halafu kuna kicheko. Wanaoimba vibaya hawaachwi nje ya kipindi, huonyeshwa kwa makusudi, na tuseme ukweli, wanachekesha, hata mimi nacheka. Ila mtu huyu alikuja kama fanani. Waandaaji wamemgeuza mhusika wa kichekesho bila kumwambia, wakamkatia maneno pale wanapotaka wao. Mchekeshaji wa jukwaani anajua anachekesha. Huyu atajua akiwa nyumbani, mbele ya majirani.

Eti burudani lazima iwe hivyo? Majirani zetu Wasukuma wana mashindano ya Bagika na Bagalu. Baada ya mavuno vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, na anayevuta watu wengi zaidi ndiye mshindi. Hapo burudani yenyewe ndiyo kipimo. Sisemi mambo ya asili yalikuwa safi: wachezaji walitafuta dawa za kuvuta watu, na wengine waliingia na nyoka. Hata hivyo kura hupigwa kwa miguu, kila mtu anaona umati umehamia wapi, na hakuna aliyealikwa ili achekwe.

Mwaka 2012 Walter Chilambo alishinda shilingi milioni 50. Kwa fedha za namna hiyo, waandaaji hawashindwi kutangaza idadi ya kura kwa tarakimu, kumwuliza mshiriki kabla ya kuonyesha aibu yake, na kumruhusu kuingia na ala yake. Litungu likipita mlangoni pale Mwanza, majaji nao itabidi waulize kwanza linasikilizwaje.