Lambda tuifanyie mazoezi kwenye kupanga orodha

Mwanafunzi wa Python anapofika kwenye lambda, mara nyingi zoezi la kwanza huwa hili:

jumla = lambda a, b: a + b

Linatoa jibu sahihi, lakini linamzoesha vibaya. Lambda ni funksheni isiyo na jina, na hapa imebatizwa mara tu ilipozaliwa. PEP 8, mwongozo wa uandishi wa Python, unaelekeza kwamba funksheni inayohitaji jina iandikwe kwa def. Kuna sababu ya msingi: programu ikikwama, ripoti ya kosa itaandika <lambda> kama jina la funksheni, badala ya jumla. Kwenye faili lenye lambda nyingi, hapo utasaka sana.

Zoezi lenye faida ni lile ambalo lambda inakabidhiwa funksheni nyingine iitumie. Chukua msimamo wa ligi, kila timu ikiwa na jina, pointi na tofauti ya magoli:

timu = [("B", 41, 12), ("C", 44, 9), ("A", 41, 17)]
timu.sort(key=lambda t: (-t[1], -t[2]))

Hapa sort huiita lambda mara moja kwa kila timu, ikapokea jozi ya namba, kisha ikalinganisha jozi hizo kuanzia kushoto. Pointi zikilingana ndipo magoli huangaliwa. Alama ya kutoa inageuza mpangilio ili kubwa itangulie. C inaongoza, A ya pili, B ya mwisho.

Sasa ongeza sharti: timu zikilingana kwa yote, zifuate alfabeti. Njia moja ni kupanga mara mbili:

timu.sort(key=lambda t: t[0])
timu.sort(key=lambda t: (t[1], t[2]), reverse=True)

Sharti dogo limetangulia, kubwa limefuata. Hili linawezekana kwa sababu algorithimu ya sort, aliyoitunga Tim Peters mwaka 2002, haivurugi mfuatano wa vitu vilivyolingana, hata ukitumia reverse. Nalipenda zoezi hili kuliko yote, maana linamlazimisha mtu kujua sort inafanya nini na kile lambda inachorudisha.

Mtihani mgumu uko kwenye kitanzi:

kazi = []
for i in range(3):
    kazi.append(lambda: i)
print([f() for f in kazi])

Wengi hutarajia [0, 1, 2]. Inatoka [2, 2, 2]. Lambda haikuhifadhi thamani ya i. Inamtafuta i wakati inapoitwa, na kitanzi kimeshamwacha kwenye 2. Ndiyo maana mtu akitengeneza vitufe vya Tkinter, maktaba ya Python ya madirisha na vitufe, kwa kitanzi, vyote huishia kufanya kazi ya kitufe cha mwisho. Lambda huonewa bure kwa kosa hili, kwani def ingefanya vilevile. Dawa ya kawaida ni lambda i=i: i, kwa kuwa thamani ya awali ya kigezo hukokotolewa lambda inapoundwa.

Java, iliyopata lambda katika toleo la 8 mwaka 2014, ilichagua ukali: kigeu cha ndani kinachobadilika hakiruhusiwi kutumika humo, na kikusanyi hugoma kabla programu haijaanza. Python inakuachia uone mwenyewe. Guido van Rossum, muumba wa lugha hiyo, mwaka 2005 alipendekeza lambda iondolewe kabisa katika Python 3. Watumiaji waliitetea ikabaki, na nadhani walikuwa sahihi, kwani mstari mmoja wa key unasomeka vizuri pale pale unapotumika.

Tena lambda ya key, hata ikitaja i na sort ikiwa ndani ya kitanzi, haina hatari ile. Sort huwa imeshamaliza kuiita kabla i hajapewa thamani nyingine. Shida huanza pale lambda inapowekwa akiba ili iitwe baadaye.