Kisu Kabla ya Gundi

Mwaka 1966, katika ghala moja la samani kuukuu huko Peckham, kusini mwa London, mchoraji Tom Phillips alimwambia rafiki yake R. B. Kitaj, naye mchoraji, ya kwamba kitabu cha kwanza atakachokiona kinauzwa kwa peni tatu ndicho atakachokifanyia kazi ya miaka mingi. Na kilichomwangukia mkononi kilikuwa riwaya ya W. H. Mallock, A Human Document, iliyotolewa mwaka 1892, ambayo zamani ilipata wasomaji wake na sasa ilikuwa imelala vumbini pasi na mtu wa kuiulizia. Katika kitabu kile cha sahifa 367 Phillips hakuandika hadithi mpya. Alichukua sahifa moja moja, akachagua maneno machache aliyoona yaweza kusimama peke yake, akayazungushia mstari, kisha yaliyosalia akayafunika kwa wino, kwa rangi za maji na, katika miaka ya baadaye, kwa vipande vya karatasi na picha alivyovibandika. Na maneno yaliyosalimika akayaunganisha kwa vijito vyeupe vipitavyo katika nafasi zilizo baina ya neno na neno, ili jicho la msomaji lipate njia. Kitabu akakiita A Humument. Toleo la kwanza lililowafikia wanunuzi wa kawaida lilitoka mwaka 1980 na la mwisho mwaka 2016, na katikati ya matoleo hayo alikuwa akiziondoa sahifa za awali na kuweka nyingine badala yake, mpaka kitabu kizima kikawa kimefanywa upya.

Nimeanza na kazi hii kwa sababu wengi wanaotaka kutengeneza daftari la sanaa kwa kitabu kikuukuu, yaani daftari la kuchorea, kubandikia, kushonea na kuandikia mambo ya nafsi, huanza kwa kukusanya: vipande vya kanga, stempu, tikiti za safari, vifungo, riboni, bahasha. Meza hujaa, gundi hufunguliwa, na kitabu hupokea kila kinacholetwa. Phillips alianza upande wa pili. Kazi yake yote ni ya kupunguza, na hata masharti aliyojiwekea yalimnyima zaidi kuliko yalivyompa: shujaa wake, Toge, hawezi kutokea ila katika sahifa ambamo Mallock ameandika neno together au altogether, maana jina lake limekatwa humo, na pasipokuwa na neno hilo Toge hana ruhusa ya kuingia. Nadhani fundi wa madaftari, ambaye shida yake ni ya uzi na unene wa karatasi wala si ya riwaya, ana haja ya tabia hiyo hiyo, na ana haja nayo mapema zaidi, kabla hajagusa rangi.

Tuanze na kitabu chenyewe. Kinachofaa ni kilichoshonwa. Ukikitazama kwa juu, penye kichwa cha mgongo, utaona karatasi zimekunjwa mafungu mafungu, kila fungu aghalabu lina karatasi nane, na ukifunua katikati ya fungu utaona uzi. Kitabu ambacho karatasi zake zimekatwa zote na kushikizwa kwa gundi tupu mgongoni, kama zilivyo riwaya nyingi za bei rahisi, hakina mkunjo wala uzi. Hicho kitavunjika mgongo siku ya tatu ya kufunguliwa, na hakuna pambo litakalokiokoa. Kisha ujaribu karatasi: kunja pembe moja mbele na nyuma mara chache, na ikikatika kwa urahisi, iache. Karatasi nyingi za tangu nusu ya pili ya karne ya 19 zilifanywa kwa mti uliosagwa, zikabaki na ile lignini ya mti igeuzayo rangi kuwa manjano, na zikaimarishwa kwa shabu na ulimbo, mchanganyiko uzaao asidi ambayo huila karatasi toka ndani polepole. Sahifa ya namna hiyo haiwezi kubeba kitambaa.

Na liko jambo la adabu. Si kila kitabu kikuukuu ni cha kukatwa, na katika pwani yetu, ambako karatasi iliyoandikwa jina la Mwenyezi Mungu haitupwi jaani wala haikanyagwi, fundi hatangoja kuambiwa aweke kando msahafu na vitabu vya dini hata vikiwa vimekwisha kuliwa na mchwa. Vitabu vya hesabu za maduka yaliyofungwa, kalenda zilizopitwa, orodha za bei na majuzuu ya sheria zilizobatilishwa havina mdai, na majalada yake kwa kawaida ni magumu na mazuri.

Sasa tuingie katika hesabu, ambayo ndiyo roho ya uchambuzi huu. Chukua kitabu cha karatasi 100, kila karatasi ina unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita; jumla ni milimita 10, na mgongo wake ulipimwa na mjalidi kwa unene huo. Picha ya kamera iliyochapwa ina unene wa karibu robo milimita, na kipande cha kanga hakiko mbali na hapo. Bandika picha moja katika kila karatasi, na kitabu kitakuwa na milimita 35 upande wa kufungulia, ilhali mgongo umebaki na 10 zile zile. Jalada halifungi tena, uzi unavutwa, na kitabu kinakaa kama mtu aliyeshiba biriani na mshipi wake hajaulegeza. Lakini ukiondoa karatasi 70 na kubakiza 30, kila moja ikabeba picha yake, utapata milimita 10 na nusu. Kitabu kimerudi katika kipimo chake.

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa kuwa huzing'oa zile 70 zote toka shinani. Mgongo uliokuwa na milimita 10 unabaki na 3, upande wa mbele una 10 na nusu, na kasoro ni ile ile. Tena iko hasara ya pili iliyo mbaya zaidi: katika kitabu kilichoshonwa kila karatasi ina pacha wake upande wa pili wa mkunjo, ni kipande kimoja kilichokunjwa, na uzi umepita katikati; ukimng'oa mmoja, pacha hana kinachomshika, naye atatoka mwenyewe baada ya siku chache. Kwa hiyo karatasi ising'olewe, ikatwe, kwa kisu kikali na rula ya chuma, na kiachwe kigutu cha sentimita moja karibu na mkunjo. Vigutu hivyo 70 hufanya kazi tatu pasipo kuonekana: hulinda unene wa mgongo, huwashika pacha waliobaki, na hutoa mahali pa kubandikia sahifa ngeni, ziwe za ramani, za khaki ya mfuko wa saruji au za kitambaa, ambazo zisingeweza kushonwa bila ya kukifumua kitabu kizima. Katika kila fungu nisingekata karatasi mbili za katikati, kwa kuwa hapo ndipo kitabu hulala wazi vizuri kuliko popote, na picha pana ipitayo juu ya mkunjo haina mahali pengine pa heshima.

Nairobi ilitoa mfano mashuhuri wa njia iliyo kinyume. Dan Eldon, aliyezaliwa London mwaka 1970, akakulia Nairobi toka utotoni, na akauawa Mogadishu Julai 1993 alipokuwa mpiga picha wa habari wa umri wa miaka 22, aliacha madaftari 17 yaliyojaa picha zake, ramani, vipande vya magazeti, wino na rangi, tabaka juu ya tabaka. Mama yake aliyachagulia sahifa na kuzitoa katika kitabu mwaka 1997. Eldon aliongeza tu, na madaftari yakavimba. Siwezi kusema kwamba alikosea, maana kijana yule alikuwa akiandika maisha na hakuwa na nia ya kujalidi, na uvimbe ule umekuwa sehemu ya haiba ya kazi yake. Ila daftari la namna hiyo laweza kutazamwa na kuhifadhiwa. Kufunguliwa na kufungwa kila siku miaka kumi ni jambo jingine.

Baada ya kisu ndipo huja gundi, na gundi ni suala la maji. Karatasi ya kiwandani nyuzi zake zimelala upande mmoja, kwa jinsi zilivyobebwa na mashine, na ikinywa maji hutanuka kukingama na nyuzi hizo zaidi sana kuliko kuzifuata. Ukibandika karatasi mbili ambazo nyuzi zake zinapishana, kila moja itavuta kwake wakati wa kukauka, na sahifa itapinda isinyooke tena. Basi nyuzi zote, za sahifa na za kinachobandikwa, ziende sambamba na mgongo. Kuzijua si taabu: lowesha ukanda mdogo upande mmoja, nao utajiviringa, na mhimili wa mviringo ule ndio mwelekeo wa nyuzi. Kupasua pia husema kweli, kwa kuwa karatasi huchanika kwa mstari ulionyooka ikifuata nyuzi, na kwa kombokombo ikizikata.

Kwa karatasi juu ya karatasi sijaona kinachoshinda uji wa unga wa ngano, sehemu moja ya unga kwa tano za maji, ukipikwa kwa moto mdogo na kukorogwa bila ya kuchoka mpaka ung'ae, kisha uchujwe kwa kitambaa. Wanga wa muhogo nao hufaa, na hushika haraka zaidi. Faida yake ni kwamba ukikosea, maji ya vuguvugu huurudisha. Ubaya wake ni kuvu na mende, na wajalidi wa zamani walitia shabu au mafuta ya karafuu kuzuia uharibifu. Shabu tumekwisha ona inavyoitenda karatasi. Mafuta ya karafuu, matone machache katika bakuli, hayana lawama hiyo, na kwa mtu wa Unguja au Pemba si dawa ya kutafutwa mbali. Gundi nyeupe ya maseremala iwekwe kwa picha, vitambaa na mgongo, kwa kuwa ina maji machache na hukauka ikiwa laini, lakini ijulikane kuwa haina toba: iliposhika imeshika.

Jalada halitaki maneno mengi, isipokuwa kwamba desturi ya kulijenga kwa mabaki ni ya kale kuliko tudhaniavyo. Vile vitabu vya Kikopti vilivyofukuliwa mwaka 1945 karibu na Nag Hammadi, kusini mwa Misri, vilikuwa na majalada ya ngozi yaliyokazwa kwa ndani kwa mafunjo yaliyokwisha tumika, barua na hati za hesabu, na katika jalada la mojawapo zimo hati zenye tarehe ya mwaka 348. Takataka za mjalidi ndizo zilizowapa wanazuoni umri wa kitabu. Wajalidi wa nchi za Kiislamu nao walifanya mbao zao kwa kubandika karatasi juu ya karatasi mpaka zikawa ngumu, kisha wakazivika ngozi, na wakaongeza ule ulimi ukunjwao kuja kulinda upande wa mbele. Siyu, katika kisiwa cha Pate, mji uliosifika kwa ufundi wa ngozi na kwa waandishi wa misahafu katika karne ya 18 na ya 19, ulifanya kazi ya vitabu katika ukoo huo huo, juu ya karatasi iliyoletwa na merikebu kutoka Ulaya. Karatasi 70 tulizokata zaweza kufuata njia hiyo: nane au kumi kwa pamoja, zikipakwa uji na kukazwa chini ya mawe siku mbili, hutoa ubao usiopungua uzuri wa ule wa dukani.

Katika rangi nina onyo moja tu. Akriliki, ambayo wauzaji huisifu kwa kukauka upesi, haikauki kabisa katika maana tuitakayo sisi tukaao penye joto na mvuke wa bahari. Hubaki na ulaini kidogo, na sahifa mbili zilizopakwa zikikutana chini ya uzito hushikana, na kuzitenganisha ni kuzichuna. Phillips alitumia zaidi wino na rangi za maji, ambazo hazina tabia hiyo. Mwenye kupenda akriliki asugue juu yake nta nyeupe kidogo kwa kitambaa laini, au aweke karatasi ya nta baina ya sahifa.

Limebaki suala la vifungo, yaani riboni, vishikizo vya shaba na mikanda ya ngozi ambayo siku hizi huonekana katika kila daftari la aina hii linalouzwa. Asili yake ni ya haki: vitabu vya Ulaya vya zama za kati viliandikwa juu ya ngozi ya ndama na ya kondoo, nayo ngozi hupinda na kufura kila hewa ibadilikapo, ikahitaji kubanwa. Karatasi haina haja hiyo. Nikiletewa daftari, hukifungua kifungo kwanza na kuliacha mezani. Likifunuka lenyewe na jalada kuinuka vidole viwili, najua kwamba kifungo kile kimewekwa kuficha hesabu ambayo haikufanywa, na hapo huhesabu vigutu vya mgongoni, ambavyo mara nyingi havipo.