Nyimbo Zinazovuka Miaka

Kila kizazi huamini kwamba muziki wa ujana wake ndio utakaodumu, na kwa sehemu kubwa hukosea, maana nyimbo nyingi husahaulika mapema, ziwe za taarabu, dansi au Bongo Fleva. Lenye faida zaidi ni kuchunguza jinsi zile chache zilivyovuka. Kwa maoni yangu, wimbo huvuka pale mtu mwingine anapoweza kuuimba kwa ala nyingine na bado msikilizaji akautambua. Rekodi ya kwanza huutangaza tu. Kuishi kwake hutegemea wanaourithi. Chukua "Malaika", ambao Fadhili William aliurekodi Kenya karibu na mwaka 1960, na ambao mzozo kuhusu mtunzi wake haujaisha hadi leo. Mwendo wake ni wa taratibu, sauti haipandi kiasi cha kumshinda mwimbaji wa kawaida, na gitaa moja linatosha kuusindikiza. Beti zake hurudi kwenye kilio kilekile cha kijana anayetaka kuoa lakini hana mali, kwa hiyo hata asiyeshika maneno yote anajua pa kuingilia. Ndiyo maana Miriam Makeba na Harry Belafonte waliweza kuuimba kwa upole katika albamu yao ya mwaka 1965, na Boney M. wakauchukua kwa mtindo wao mwaka 1981, wala haukupotea.

Siti binti Saad anathibitisha jambo hilo kwa njia ngumu zaidi. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri, ambazo upande mmoja ulibeba dakika tatu hivi za muziki. Ni wachache leo waliowahi kuzisikia santuri zenyewe. "Muhogo wa Jang'ombe" tunaujua zaidi kwa sauti ya Bi Kidude, aliyezibeba nyimbo za Siti jukwaani hadi uzeeni, miongo mingi baada ya Siti kufariki mwaka 1950.

Mtu atauliza: vipi Mbaraka Mwinshehe? "Shida" tunaupenda kwa sauti yake na gitaa lake mwenyewe, si kwa marudio ya mwingine. Pingamizi hili lina uzito, na linanilazimu kuongeza sharti la pili, nalo ni kusikilizwa pamoja. Kwa miaka mingi Radio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyorekodi bendi na kuzirusha Tanzania Bara nzima, hadi redio binafsi zilipoingia katika miaka ya 1990. Mbaraka alifariki mwaka 1979, lakini redio iliendelea kumrudia, na vipindi vya zilipendwa vikawalea hata waliozaliwa baadaye. Wengine watasema kwamba sasa intaneti inahifadhi kila kitu, hivyo hakuna kitakachopotea. Kuhifadhiwa si kukumbukwa. Kanda iliyokaa kabatini na video isiyofunguliwa na mtu ziko katika hali moja, na msikilizaji wa leo, mwenye simu yake na visikizio vyake, mara nyingi hana wa kupokezana naye kiitikio.

Hata hivyo sikubaliani na wanaouhukumu muziki wa sasa kwa jumla. Saida Karoli alivuma mwaka 2001 kwa "Maria Salome", wimbo wenye maneno mengi ya Kihaya ambayo wengi wa mashabiki wake hawakuyaelewa. Kilichowashika ni kiitikio na mwendo wa ngoma, na hivyo ndivyo Diamond Platnumz na Rayvanny walivyovirithi mwaka 2016 katika "Salome". Wapo waliolalamika kwamba ni uvivu wa kutunga. Mimi naona ni kipimo kilichofaulu, kwa kuwa vijana waliokuwa wachanga mwaka 2001 waliimba kiitikio hicho kama chao. Wasiwasi wangu uko kwa nyimbo ambazo utamu wake wote umekaa kwenye mdundo wa kompyuta na sauti iliyonyooshwa kwa mashine. Bendi ya harusini ikijaribu kuupiga wimbo wa namna hiyo, hukuta hakuna melodia ya kushika, na DJ hulazimika kuweka ile rekodi yenyewe.